Shule ya Kanisa Baada ya Saa Nne Usiku

Kwa miaka miwili mfululizo, 2017 na 2018, shule iliyoongoza kitaifa katika mtihani wa kidato cha nne ilitoka Mbeya: Shule ya Wasichana ya St. Francis, ya Kanisa Katoliki. Katika orodha hizohizo za shule kumi bora ilikuwamo pia Bethel Sabs ya wasichana, kutoka mkoa wa Iringa. Orodha za namna hiyo zilisomwa kwenye mahafali, zikachapwa kwenye vipeperushi, zikawa hoja ya kwanza kwa mzazi anayetafuta shule. Kisha Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania likaacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora.

Uamuzi huo uliwaondolea wazazi kipimo walichokizoea, na wengi wao bado hujipangia orodha wenyewe kwa kupekua matokeo mtandaoni. Hata hivyo, umetoa nafasi ya kuuliza jambo ambalo orodha haikuwahi kulijibu. Mtoto wa miaka 13 au 14 anapopelekwa bweni kwa miaka minne, anaishi na nani? Na huyo anayeishi naye, maisha yake yakoje?

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba ustawi wa mwanafunzi wa bweni hauwezi kuzidi ustawi wa watu wazima wanaokaa naye. Shule za makanisa katika Nyanda za Juu Kusini zimefanya kazi ya kusifiwa darasani na katika ibada. Upungufu wake uko kwenye saa zisizo na kipindi wala sala, hasa za usiku. Saa hizo ameachiwa mfanyakazi mwenye mshahara mdogo kuliko karibu wote, tena asiye na mafunzo ya kazi aliyopewa.

Urithi wa misheni

Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule Walutheri wa Misheni ya Berlin walipoingia kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wakaja kupanda milima kwenda Ukinga, Ubena na Uhehe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wakonsolata kutoka Italia waliichukua Tosamaganga, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini karibu na mji wa Iringa. Kila misheni ilikuwa na shule, na nyingi zikawa za bweni kwa sababu mbili: umbali wa vijiji, na nia ya kumlea kijana mbali na mila za kwao. Kwa hiyo tangu mwanzo misheni ilijitwalia saa zote 24 za mtoto.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule nyingi za makanisa mikononi mwa Serikali, Tosamaganga ikiwamo. Makanisa yakabaki na seminari zao, na humo ndimo mtindo wa malezi wa zamani ulimohifadhiwa. Kidugala, upande wa Njombe, na Manow, kule Busokelo, ni seminari za Kilutheri ambazo majina yake bado yana uzito kwa wazazi wa kusini. Milango ya shule binafsi ilipofunguka, makanisa yalirudi kwa nguvu, na hati ya makubaliano iliyotiwa saini Februari 1992 baina ya Serikali na makanisa ikaupa ushirikiano huo wa huduma za jamii msingi rasmi. Leo Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ina shule za Pommern, Image na Bomalang'ombe. Wamoravian wana Lutengano huko Tukuyu. Na majimbo ya Katoliki yana zao.

Katika miongo hiyohiyo UKIMWI uliipiga kanda hii kwa nguvu. Hata katika utafiti wa kitaifa wa 2022–23, Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 12.7 miongoni mwa watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Nyuma ya tarakimu hizo wako watoto waliolelewa na bibi, shangazi au kaka. Ushirikiano wa Bega kwa Bega, ulioanza mwaka 1987 kati ya Dayosisi ya Iringa na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, umewalipia ada wanafunzi wengi wasio na wa kuwalipia. Kwa mtoto wa namna hii shule ndiyo nyumba, na likizo inaweza kuwa ngumu kuliko muhula. Anayeijadili shule ya kanisa kama biashara ya ada na madaraja ya ufaulu hajafika kwenye kiini chake.

Siku inavyokwenda

Ratiba za shule hizi hufanana. Kengele ya kwanza hulia kabla hakujapambazuka. Hufuata usafi, ibada, mstarini, vipindi hadi mchana, chakula, kazi za mikono au michezo, ibada ya jioni, chakula tena, kisha prepo, yaani kujisomea. Karibu saa nne usiku taa huzimwa. Jumamosi ni ya kufua na mazoezi ya kwaya. Jumapili ni ya ibada, pamoja na mikutano ya vyama vya wanafunzi Wakristo, UKWATA, TYCS au CASFETA, kulingana na dhehebu.

Ratiba hiyo ina faida zake. Kijana asiyeng'ara katika hisabati huweza kuwa mwongoza kwaya, mweka hazina wa UKWATA au msimamizi wa bustani, akajifunza kusimama mbele za watu na kutunza fedha za wenzake. Waliosoma huko ukiwauliza kilichowafaa maishani, wengi hutaja hayo kabla ya kutaja masomo.

Ugumu nao upo. Juni na Julai baridi ya Mufindi, Makete na milima ya Uporoto huuma hadi kwenye mifupa, na mtoto aliyetoka Dar es Salaam au Kyela na blanketi moja jepesi hulala amejikunja hadi alfajiri, kisha akaoga kwa maji ya bombani. Chakula cha kila siku ni ugali na maharage, na makande kwa kubadilisha. Jambo la kushangaza ni kwamba mikoa hii hulisha nchi lakini watoto wake hawalishwi vizuri: utafiti wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto chini ya miaka mitano, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, Njombe ikifuata kwa asilimia 50.4. Wengi huingia kidato cha kwanza wakiwa wametoka katika utoto wa namna hiyo. Mboga za majani, matunda, maziwa na mayai kwenye meza ya shule ni sehemu ya elimu yao, hasa kwa msichana anayepoteza damu kila mwezi. Shule yenye shamba, na nyingi zinalo, haina kisingizio.

Kizito kuliko baridi ni wastani. Shule nyingi binafsi, za makanisa zikiwamo, huweka alama ambayo mwanafunzi asipoifikia hukaririshwa darasa au huambiwa atafute shule nyingine kabla ya kusajiliwa kwa mtihani wa taifa. Serikali imekataza mara kadhaa, lakini desturi hiyo haijafa, kwa kuwa ndiyo iliyopandisha shule kwenye orodha za kumi bora. Mtoto huhubiriwa asubuhi kwamba anapendwa bila masharti, na mchana akasoma ubaoni asilimia anayopaswa kufikisha ili asifukuzwe. Haikawii akajua ni yapi kati ya maneno hayo mawili yenye nguvu.

Mafunzo ya vijiji vya rika

Kuishi na marika mbali na wazazi hakukuletwa na wamisionari. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza jinsi wavulana walivyotoka nyumbani wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, wakajenga vibanda vyao na kuanzisha kijiji cha rika lao. Kitabu cha Monica, kilichotoka mwaka 1951, kimeufanya utaratibu huo ujulikane duniani.

Mara nyingi husahaulika kwamba wavulana wale walilala pamoja, ila waliendelea kula nyumbani. Walizunguka kwa makundi kutoka kwa mama wa huyu hadi kwa mama wa yule, na waliendelea kulima mashamba ya baba zao. Kwa hiyo kila siku kulikuwa na mtu mzima aliyemtazama kila mmoja usoni, akajua nani amekonda, nani ana jeraha, nani hasemi. Shule ya bweni ilichukua nusu ya kwanza ya mpango huo, ikaikata ya pili. Mzazi huonekana siku ya kutembelea, na simu ya nyumbani hupigwa kwa ruhusa, mwalimu akiwa amesimama karibu anasikiliza.

Dawa ya jambo hili iko nje ya geti. Karibu kila shule ya kanisa imezungukwa na usharika au parokia yenye jumuiya zake. Kila familia ya jumuiya ikipokea wanafunzi wawili au watatu kwa chakula cha mchana Jumapili moja kwa mwezi, chini ya utaratibu ulioandikwa na familia zilizokaguliwa na kuaminika, mtoto atapata mtu mzima asiyempa alama wala adhabu. Gharama yake ni ndogo sana.

Fimbo na ushuhuda wake

Kanuni za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni zinasema wazi: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike inapowezekana, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Hali halisi ni nyingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18, na zaidi ya nusu waliutaja mkono wa mwalimu.

Mbeya imekuwa jukwaa la mjadala huu, ingawa matukio yaliyovuma yalitokea katika shule za umma. Mwaka 2016 video ya walimu wa mafunzo kwa vitendo wakimpiga kwa ngumi na mateke mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya ilisambaa nchi nzima, na Serikali ikawachukulia hatua wahusika haraka. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2019, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa viboko hadharani wanafunzi 14 wa Shule ya Sekondari Kiwanja, Chunya, kufuatia sakata la simu na mabweni kuchomwa moto. Rais John Magufuli alimuunga mkono. Kosa lilelile la kumpiga mwanafunzi nje ya utaratibu liliadhibiwa mara ya kwanza na kupongezwa mara ya pili. Walimu walisoma ujumbe huo vizuri.

Shule ya kanisa ingeweza kuwa mahali pa kuonyesha njia nyingine. Badala yake, wapo wakuu wa shule wanaoitetea fimbo kwa Kitabu cha Mithali huku wakiupita kimya mstari wa kanuni unaotaka adhabu iandikwe. Msimamo wa chini kabisa uwe huu: kitabu cha adhabu kiwepo, kijazwe, na bodi ya shule ikikague kila muhula. Shule isiyoweza kuandika ilichomfanyia mtoto haikustahili kukifanya.

Kinachoitwa mapepo

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, upande wa Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kiliambukiza, kikachanganyika na kilio na mahangaiko, hadi kikawapata wanafunzi 95 kati ya 159. Tarehe 18 Machi shule ilifungwa. Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, hawakukuta sumu wala kijidudu. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa.

Kila anayefanya kazi katika shule za wasichana nchini anaujua mfano wa leo wa jambo hilo: msichana mmoja anaanguka usiku akipiga kelele, mwingine anafuata, na bweni zima linachafuka. Wengi huita mapepo, na jawabu la kwanza huwa maombi. Maombi katika shule ya Kikristo hayana ajabu, na mara nyingi sauti tulivu ya mchungaji hutuliza. Madhara huja maombi yanapokuwa jawabu pekee, au msichana aliyetangulia kuanguka anapopewa jina la aliyeleta pepo. Matukio haya huelekea kuja mitihani inapokaribia, chakula kinapopungua au kukiwa na hofu isiyosemwa, na hofu hiyo huenda ikawa ya mtu mzima anayejulikana kwa jina. Kwa hiyo, bweni likishatulia, lazima pafuate uchunguzi: wasichana hawa wanaogopa nini?

Hapa ndipo tofauti ya mchungaji na mnasihi inapohitajika. Mchungaji au padre wa shule hulipwa na dayosisi ileile ambayo askofu wake ndiye msimamizi mkuu wa shule. Msichana mwenye malalamiko dhidi ya mwalimu ambaye pia ni mzee wa kanisa anajua hilo. Miongozo ya Serikali inataka shule iwe na mwalimu wa ushauri na unasihi, lakini kwa kawaida huyo ni mwalimu mwenye mzigo kamili wa vipindi, na ndiye huyohuyo anayesahihisha mtihani wa mtoto anayetaka kumfungulia moyo. Kwa mwanafunzi anayemeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kila siku, suala linashuka hadi kwenye mambo madogo: nani ana ufunguo wa kabati, anamwita mtoto saa ngapi, nani anamwona akiitwa. Siri ikivuja bwenini, dawa huachwa.

Mwalimu anayeondoka, matroni anayebaki

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa shule za kata. Januari 2016 ada ya shule za umma hadi kidato cha nne, ambayo ilikuwa shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, ilifutwa. Mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na cha sita pia. Hayo ni mafanikio ya taifa. Kwa shule ya kanisa iliyoko kijijini, isiyo na jina la St. Francis, yalimaanisha wanafunzi kupungua, ada kuchelewa na mishahara kuchelewa nyuma yake.

Mwalimu wa shule ya kanisa mara nyingi yuko kwenye mkataba mfupi. Ajira ya Serikali humpa kazi ya kudumu, pensheni na mkopo wa benki kwa dhamana ya mshahara. Majina ya ajira mpya yakitoka Serikalini katikati ya muhula, mwalimu wa fizikia hufunga mizigo wiki hiyohiyo, na hakuna wa kumlaumu. Pengo la kipindi huzibwa kwa mwalimu wa kujitolea, ila pengo la mtu aliyekuwa akijua kwamba Juma wa kidato cha pili amefiwa na mama halizibwi.

Anayebaki ni matroni au patroni. Huyu huenda ni mjane aliyependekezwa na usharika, au kijana aliyemaliza kidato cha nne, na chini yake wako wasichana 80 au zaidi. Anatunza ufunguo, anagawa taulo za kike, anaamshwa usiku kwa homa, kifafa na vilio. Mwalimu wa somo lolote hakubaliwi darasani bila cheti, lakini anayekabidhiwa uhai wa watoto usiku kucha mara nyingi haombwi chochote zaidi ya barua ya mchungaji wake.

Iringa inajua gharama ya usiku usiosimamiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2009, moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Idodi na wasichana 12 wakafa. Mshumaa ulitajwa kuwa chanzo. Idodi haikuwa shule ya kanisa, lakini maswali yake yanahusu kila bweni: milango ilikuwa mingapi, ilifungukia upande gani, nani alikuwa macho?

Kinachowezekana

Wasimamizi wa shule watajibu kwamba fedha hazipo, na kwa shule nyingi hilo ni kweli. Lakini vyombo vya kusaidia viko jirani. Chuo Kikuu cha Iringa, cha Kilutheri, kinafundisha saikolojia ya unasihi. Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, cha Wamoravian, kiko Mbeya mjini. Mkwawa, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinaandaa walimu Iringa mjini. Dayosisi zenye shule zinaweza kukubaliana na vyuo hivyo kuhusu mafunzo mafupi ya matroni na patroni wakati wa likizo, na kuhusu wanafunzi wa unasihi kufanya mazoezi shuleni chini ya wahadhiri wao. Shule tatu au nne zilizo karibu zinaweza kuchangia mshahara wa mnasihi mmoja anayezunguka, asiyemfundisha wala kumwadhibu mwanafunzi yeyote. Mwalimu anaweza kupewa mkataba wa miaka mitatu badala ya mmoja, nyumba isiyovuja, na mshahara unaotoka tarehe inayojulikana hata kama ni mdogo. Wafadhili wa ng'ambo, ambao hupenda kujenga bweni lenye kibao cha jina lao, waombwe kwa adabu walipe pia mshahara wa atakayelala humo.

Kwa upande wake, mzazi asiridhike na kibao cha ufaulu. Kabla ya kulipa ada ya kidato cha kwanza, na aulize: matroni amekaa hapa miaka mingapi, na alisomea nini? Walimu wangapi waliondoka mwaka jana? Kitabu cha adhabu kiko wapi? Mtoto wangu akitaka kumshtaki mtu mzima wa hapa, atamwendea nani? Bweni lina milango mingapi? Mkuu wa shule atakayeyajibu hayo bila kukasirika, huyo mpe mtoto. Na ninyi maaskofu na wenyeviti wa bodi, kikao chenu kijacho kianze na mshahara wa matroni kabla ya kufika kwenye matokeo ya mtihani.